Nguvu za Kesho Huanza Magharibi: Mwongozo Kamili wa Kurudisha Uhai wa Akili Ndani ya Dar es Salaam

Ilikuwa Jumanne, saa 9 alasiri, nimekaa kaunta kwenye duka la jumla Kariakoo ninakofanya kazi ya hesabu. Mteja kachukua khanga, jumla ya mzigo 430,000. Nikaandika 340,000. Akalipa, akashukuru, mzigo ukapakiwa kwenye guta, akaenda zake. Niliiona ile namba jioni wakati wa kufunga hesabu, na hata nilipoiona ilinichukua dakika kadhaa kuelewa ni nini hakiko sawa. Bosi hakunigombeza. Aliniangalia tu, akauliza, "Mwanangu, wewe huli au hulali?"

Kula nilikuwa nakula. Na kulala nilidhani nalala: saa 6 usiku naweka simu chini, saa 10 na nusu alfajiri niko macho, najiandaa kwenda kugombania daladala Mbagala. Ile elfu tisini niliilipa kidogo kidogo kwa mshahara wangu. Swali la bosi ndilo lililokaa kichwani, na majibu niliyoyapata kwa mwaka mzima wa kujaribu ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu naona watu wengi mjini wanatembea wamechoka hivyo hivyo na kujiita wavivu. Nyuma ya daladala tunasoma "Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata." Mtafutaji anachoka. Na akichoka anakosea hesabu, anagombana na watoto, anakopa vibaya.

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pwani, akisema "usiku wa Ijumaa" alikuwa na maana ya usiku ule ambao sisi tunauita wa Alhamisi. Kwake siku ilianza jua likizama. Saa 1 ya usiku ndiyo saa ya kwanza ya siku mpya. Nilipokuwa mdogo niliona ni mambo ya kizamani. Leo naona bibi alikuwa na hesabu nzuri kuliko yangu. Ukitaka kujua kesho saa 9 alasiri utakuwa na akili ya namna gani, tazama unafanya nini leo baada ya magharibi. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi asubuhi. Unaanza jioni na kuzunguka hadi jioni nyingine.

Kabla ya yote: siku tatu za daftari

Usibadilishe chochote kwanza. Chukua daftari dogo la shule, na kwa siku tatu za kazi andika mara nne kwa siku: ukiamka, saa 4 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 2 usiku. Kila mara jipe namba, 1 hadi 5. Moja ni "sijiwezi kabisa", tano ni "nipe kazi yoyote." Pembeni andika kitu cha mwisho ulichokula au kunywa na jambo linalokukera kichwani wakati huo. Basi.

Namba zangu za siku ya kwanza zilikuwa 2, 4, 1, 4. Hiyo nne ya usiku ndiyo iliyonifungua macho. Miaka yote nilijiambia mimi ni mtu wa usiku, kumbe pembeni nimeandika siku zote tatu neno moja: kahawa.

Hatua ya 1: Ukifika jioni, tua mzigo

Nina kijiwe changu cha kahawa karibu na nyumbani. Baada ya isha tunakaa pale, kikombe kidogo, kashata, mazungumzo ya mpira na siasa. Nilikuwa nakunywa vikombe vitatu au vinne. Sasa kafeini haitoki mwilini haraka. Kwa mtu wa kawaida, baada ya saa tano hivi nusu yake bado ipo. Kahawa ya saa 2 usiku inakuwa imebaki nusu saa 7 usiku. Usingizi unaweza kuja, maana mwili umechoka, lakini ni mwepesi, na unaamka kama hukulala.

Kazi ya kafeini yenyewe ni ya kuficha. Kadiri unavyokaa macho, ubongo unakusanya kemikali inayoitwa adenosini, na hiyo ndiyo inayokufanya uhisi uzito. Kafeini inakaa kwenye nafasi yake na kuizuia isisikike. Uchovu haujaondoka, umefunikwa tu, na kafeini ikiisha unarudi wote kwa pamoja.

Niliona aibu kumwambia yule mzee muuza kahawa kwamba nataka kuacha. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," mkono tayari umeshainamisha birika. Nikamwomba tangawizi badala yake. Akacheka, akachukua birika la pili. "Hapa watu wanakuja kukaa," akaniambia, "kahawa ni ya kushikia mkononi." Tangu siku hiyo kahawa yangu haivuki saa 7 mchana, na kijiwe sijakiacha. Usikiache na wewe. Kicheko cha pale kinaosha kichwa kuliko saa nzima ya kuperuzi simu peke yako chumbani.

Kazi ya pili ya jioni ni kalamu. Akili haiachi jambo ambalo halijapangiwa siku. Inalirudia na kulirudia, na kila mara inatumia nguvu. Kaa dakika tano, andika mambo yote yanayokusubiri kesho, na mbele ya kila moja andika lini au nani. "Ada ya mtoto: Ijumaa, nimpigie kaka." "Bomba linavuja: Jumamosi, fundi." Halijatatuliwa, ndiyo, lakini limeshapata pa kukaa nje ya kichwa chako.

Kwa wengi wetu mzigo mkubwa ni madeni. Kama umechukua mikopo ile ya riba kubwa inayoitwa kausha damu, unalijua tumbo linavyokaza simu ikiita namba ngeni. Hapa nasema kwa moyo wote: madeni yaandike yote kwenye karatasi moja, nani, kiasi gani, tarehe gani, kisha chagua siku moja ya wiki ya kuyashughulikia. Mimi ni Jumapili saa 10 jioni. Wasiwasi ukija Jumatano usiku, unaujibu: siku yako ni Jumapili. Mwanzoni utaona kama unajidanganya. Wiki ya tatu utashangaa unalala. Na mkopo mpya wa kulipia mkopo wa zamani usiuchukue usiku, hata kama wanakupa kwa kubonyeza simu mara moja. Subiri kuche, mwambie mtu mmoja unayemwamini, ndipo uamue.

Hatua ya 2: Usingizi katika mji wa joto

Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Najua mwenye kutoka nyumbani saa 11 alfajiri atauliza zitatoka wapi. Zinatoka mwanzoni mwa usiku, si mwishoni. Kama unaamka saa 10 na nusu, kitanda kinakuita saa 3 na nusu. Nilianza kwa kuwahi nusu saa tu kila wiki, kwa wiki nne.

Adui mkubwa Dar ni joto, hasa Desemba hadi Machi. Ili usingizi ushike, joto la ndani ya mwili linatakiwa kushuka kidogo, na chumba cha bati chenye dirisha moja hakikusaidii. Yaliyonifaa ni haya:

- Oga kama nusu saa kabla ya kulala, maji ya kawaida ya bomba, na usijifute ukakauka kabisa. Maji yanayobaki kwenye ngozi yanapokauka yanachukua joto.
- Feni iwe nje ya chandarua, ubavuni, ielekee kifuani hadi miguuni. Ukiielekeza usoni usiku kucha utaamka koo limekauka.
- Ukiweza fungua madirisha mawili yanayotazamana, hata kama moja ni la sebuleni na mlango umeachwa wazi. Yawe na nyavu.
- Umeme ukikatika, teremka chini kwenye mkeka. Sakafu ya saruji ni baridi kuliko godoro la sponji. Chandarua kishuke nawe.

Chandarua kinapunguza upepo, kweli, na ndiyo sababu watu wanakikunja. Usikikunje. Malaria moja inakulaza siku kadhaa, na baada ya kupona unaburuza miguu wiki nzima au zaidi. Hakuna upepo wa thamani hiyo.

Kelele nazo. Baa, kigodoro (ngoma ya usiku) cha mtaa wa pili, pikipiki. Vipamba vya masikioni vinauzwa duka la dawa na ni nafuu. Simu ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu mwanga wake unaichelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, na yaliyomo ndani yake yanaamsha moyo. Mimi yangu inalala sebuleni. Nilinunua saa ya kengele ya kawaida pale Kariakoo. Kama una mgonjwa kijijini na lazima upatikane, acha mlio uwe mkubwa lakini simu iwe mbali na mkono.

Chakula cha usiku kiwe chepesi na kiwahi, saa mbili hivi kabla ya kulala. Chipsi mayai za saa 4 usiku zinaleta kiungulia, na tumbo linafanya kazi wakati wewe unataka kupumzika.

Hatua ya 3: Nusu saa ya kwanza

Jua letu halibadiliki sana mwaka mzima. Linachomoza karibu na saa 12 asubuhi na kuzama karibu na saa 12 na nusu jioni. Hiyo ni zawadi. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni unaiweka sawa saa ya ndani ya ubongo, na usiku unaofuata usingizi unakuja kwa wakati wake. Toka nje dakika kumi. Fagia uwanja, mwagilia mchicha wako, nenda kituoni kwa miguu. Huna haja ya kulitazama jua lenyewe. Anayeondoka nyumbani gizani asiweke shaka: mwanga huo ataupata akishuka kwenye gari, atembee nao kabla hajaingia ndani.

Kunywa glasi kubwa ya maji kabla ya chai. Usiku kucha umetoka jasho.

Simu usiifungue kabla hujaoga. Ujumbe wa kundi la ukoo wenye michango mitatu unaweza kukunyang'anya asubuhi yote. Kwa mwenye kuswali alfajiri au kusali, huu ndio wakati ambao ibada inafanya kazi mara mbili, kwa Mungu na kwa utulivu wako mwenyewe. Usiikimbize.

Kuhusu kifungua kinywa: chai ya sukari na maandazi mawili inakubeba saa mbili, kisha inakuangusha. Ongeza kitu kinachokaa, kama yai, maharage, karanga au supu. Uji wa ulezi na karanga za kusaga umenivusha asubuhi nyingi hadi mchana bila njaa.

Hatua ya 4: Njiani

Ukiwa na siku nzito, geuza na gari. Lipa nauli mara mbili, nenda nalo hadi mwisho, urudi umekaa. Kwangu ni gharama inayolipa, kwa sababu kusimama saa nzima umebanwa mlangoni kunamaliza nguvu za kazi kabla hujafika kazini. Ukishakaa, simu iingie mfukoni, dirishani ni hatari hata hivyo. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu nne, itoe taratibu ukihesabu sita. Mara kumi. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo yanapungua kasi na misuli ya mabega inalegea. Nafanya tukifika Mtoni kwa Aziz Ali, kila siku, hata foleni iwe mbaya namna gani.

Hatua ya 5: Kazi ngumu iwahi

Kwa wengi, saa tatu za kwanza za kazi ndizo zenye akili safi. Angalia daftari lako kama na wewe uko hivyo. Mimi hesabu za wadaiwa nazifanya kabla ya saa 5. Kupanga bidhaa, kupiga simu, kusaini risiti za mizigo, hayo yanasubiri mchana. Makundi ya WhatsApp nimeyazima milio, nayafungua mara tatu kwa siku. Kila ukikatizwa, akili haitui palepale ilipokuwa. Inachukua muda kurudi, na kwenye kurudi huko ndiko namba zinapogeuka.

Hatua ya 6: Mchana, pale siku inapoamuliwa

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati. Unaona basi kwa nini sahani ya mchana ina uzito mkubwa kuliko tunavyoipa. Kuna mteremko wa usingizi unaokuja wenyewe kati ya saa 7 mchana na saa 10 jioni, hata kwa aliyelala vizuri. Sahani ya wali uliopanda kama kichuguu inauongezea kasi.

Kwa mama ntilie wangu nimebadilisha oda bila kuongeza bei: "Mama, wali nusu, maharage yazidi, na mchicha." Ananiwekea na kachumbari, naikamulia ndimu. Hiyo ndimu ina kazi. Vitamini C inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani. Chai inafanya kinyume, inayazuia. Kwa hiyo ile chai ya rangi tunayoipenda juu ya chakula, inywe saa moja kabla ya kula. Hili nawaambia hasa dada zangu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu, na moja ya dalili zake ni uchovu huu huu tunaouita uvivu. Dagaa, maini, kisamvu na maharage havipungui sokoni.

Na maji. Najua kwa nini wanawake wengi wa mjini wanajinyima maji: choo kiko mbali, cha kulipia, na si kisafi. Lakini upungufu mdogo tu wa maji unaharibu umakini na kuleta maumivu ya kichwa. Tafuta choo kimoja safi karibu na kazini, zoeana na anayekitunza, weka sarafu tayari kwenye mkoba. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, umechelewa kunywa. Ukitaka ladha, dafu lipo kila kona.

Vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu sivipendi na sifichi. Kopo la mililita 250 mara nyingi lina miligramu 80 hivi za kafeini na vijiko vya chai sita hivi vya sukari. Nawaona vijana wa bodaboda wanakunywa mawili kabla ya jioni. Nguvu ile wanakopa, na riba yake inakuja usiku.

Badala yake lala. Wazee wa Pwani wana neno lake, kailula, usingizi mfupi wa mchana. Kariakoo utawaona watu baada ya adhuhuri wamejinyoosha msikitini. Kwingine mtu analaza kichwa juu ya meza ya duka. Dakika 15 hadi 20, weka kengele. Ukipitiliza unazama kwenye usingizi mzito na kuamka umechanganyikiwa. Mara ya kwanza nilimwomba bosi ruhusa ya dakika 20 nilikuwa natetemeka. Alikumbuka elfu tisini, akakubali.

Hatua ya 7: Mwili utembee

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Nashuka vituo viwili kabla ya nyumbani, dakika kama 25, mara tano kwa wiki, na mwisho wa wiki navuka na pantoni kwenda Kigamboni kutembea ufukweni. Wengine wanakwenda Coco Beach alfajiri. Popote panafaa. Uliyechoka kwa kukaa unapata nguvu ukitembea. Uliyechoka kwa kubeba mizigo kutwa, wewe pumzika.

Uchovu ambao si wa kurekebisha mwenyewe

Ukifuata haya kwa wiki tatu au nne na namba zako hazijapanda, nenda hospitali ukapime. Omba wapime wingi wa damu, malaria, sukari na shinikizo la damu, na mweleze daktari kama una mimba, hedhi nzito, kukoroma sana, kupungua uzito au kikohozi kisichoisha. Tezi ya shingo nayo inaweza kuleta uchovu. Hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala zinafanya vipimo hivi.

Na kama kwa zaidi ya wiki mbili, karibu kila siku, moyo umejaa huzuni au hakuna kitu kinachokufurahisha, hata mpira, hata watoto, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona. Si pepo, si udhaifu wa imani, na unatibika. Muhimbili wana huduma ya afya ya akili. Likija wazo la kujidhuru, usilale nalo. Mwambie ndugu au jirani saa hiyohiyo akupeleke hospitali.

Uanze vipi

Usifanye yote kwa mkupuo. Wiki ya kwanza, kahawa na chai ya rangi ziishie saa 7 mchana, na karatasi ya jioni ianze. Wiki ya pili, simu ihamie sebuleni na kitanda kiwahi nusu saa. Wiki ya tatu, mwanga wa asubuhi na sahani ya mchana. Wiki ya nne, kailula na kutembea. Ukikosa siku, endelea magharibi inayofuata. Hakuna kusubiri Jumatatu.

Mwisho wa wiki ya nne andika tena siku tatu za daftari, mara nne kwa siku, kisha uweke kurasa mpya kando ya zile za mwanzo. Anza kusoma safu ya saa 9 alasiri. Yangu ilitoka 1 ikawa 3, na siku nyingine 4.